Kwa nini alilia njia nzima? Maumivu ya majeruhi kabla ya kufika hospitali

"Mdogo wangu wa miaka 19 anafanya kazi ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Mwezi uliopita alikuwa anateremka kutoka Kibumba na mifuko ya viazi, breki ya mpira ikakatika, akaanguka, mguu wa kuume ukavunjika chini ya goti. Alilala kando ya barabara karibu masaa mawili, mvua inanyesha, tukitafuta usafiri. Mwishowe tukampandisha moto, yaani pikipiki: motari (dereva wake) mbele, yeye katikati, jirani nyuma, mguu unaning'inia. Alilia njia nzima mpaka sauti ikakauka. Mimi nilikuwa na parasetamoli kwenye mkoba, lakini mzee mmoja akanikataza, eti nikimpa dawa daktari hataona ugonjwa. Kijana mwingine akamnywesha kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Kwenye kituo cha afya walimchoma sindano ya maumivu, hatukuona tofauti. Kule hospitali tukamkuta mwanaume ambaye mkono umepasuka mpaka mfupa unaonekana, ametulia anaongea kwa simu. Watu wakaanza kusema mdogo wangu ni mwoga. Je, ni kweli? Tulikosea wapi? Na kesho nikimkuta mwingine ameanguka barabarani, nifanye nini kabla ya hospitali?"

Dada yangu, pole sana, na mfikishie mdogo wako pole zangu. Naanza na lile ambalo naona linakuuma kuliko mengine: mdogo wako si mwoga. Mfupa wa muundi uliovunjika, ukining'inia juu ya moto kutoka Kibumba mpaka mjini, ungemliza karibu kila mtu, na mimi ningelia. Kazi yangu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, ni nusukaputi na kutuliza maumivu, na kwa miaka yote niliyoifanya sijawahi kupata njia ya kumpima mtu uoga kwa kilio chake. Nilichojifunza ni kwamba maumivu anayofika nayo mtu mlangoni mwa hospitali yametoka kwenye jeraha kwa sehemu tu. Sehemu kubwa imeongezwa njiani. Na kwa kuwa imeongezwa njiani, njiani pia inaweza kupunguzwa, mara nyingi kwa vitu ambavyo tayari mko navyo mkononi.

Ili nieleweke, niruhusu nieleze kwanza maumivu yanavyosafiri mwilini. Kwenye ngozi, kwenye misuli, na hasa kwenye ule utando mwembamba unaofunika mfupa, kuna ncha za neva ambazo kazi yake ni kutoa taarifa ya hatari. Mfupa ukivunjika, taarifa hiyo inapita njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka: ule uchungu mkali, kama kisu, unaojua mahali hasa ulipo. Ya pili inatembea polepole, kama mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, na ndiyo inayoleta ule uchungu mzito unaodunda, unaosambaa, unaomfanya mtu ashindwe kuonyesha kwa kidole wapi panauma. Zote zinaingia kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo zinapanda kwenye ubongo.

Hapo kwenye uti wa mgongo ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba pale pana kitu mfano wa mlango. Taarifa ya maumivu haipiti bure. Inaweza kufunguliwa mlango wote, au ukasogezwa ikapita kidogo. Mguso wa kawaida wa mkono unausogeza mlango kuelekea kufungwa, na ndiyo maana ukijigonga kiwiko unapasugua bila hata kufikiri. Ubongo nao unatuma amri kutoka juu. Mtu akiwa na hofu, akiwa peke yake, akisikia watu wanasema "huyu mguu utakatwa", mlango unafunguka. Akiwa na mtu anayemwamini karibu, akijua kinachofuata, unasogea kufungwa. Hayo si mambo ya kujiliwaza. Yanatendeka kwenye neva zenyewe.

Jambo la pili ni muda. Mahali palipoumia mwili unamwaga kemikali za uvimbe, na kemikali hizo zinazifanya ncha za neva ziwe kali zaidi. Baada ya saa moja au mbili, hata kitu ambacho mwanzoni hakikuuma, kama shuka kugusa ngozi, kinauma. Neva za kwenye uti wa mgongo nazo zikipigwa bila kupumzishwa zinazidi kuitika kwa nguvu. Kwa hiyo majeruhi aliyengoja masaa mawili ana maumivu ambayo hakuwa nayo dakika ya kumi, ingawa mfupa umevunjika palepale.

Sasa tuitazame safari yenu.

Mvua. Sisi wa Goma tunaishi kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, na Kibumba ni juu zaidi, chini ya mlima wa volkano wa Nyiragongo, mahali ambapo mvua ya alasiri inakutetemesha hata ukiwa mzima. Mtu aliyevunjika akitetemeka, misuli yote inakaza na kulegea, na misuli iliyoshikana na mfupa uliovunjika inazivuta zile ncha mbili za mfupa zisagane. Kila mtetemo ni pigo jipya. Baridi ina ubaya mwingine tena: damu ya mtu aliyepoa inaganda kwa shida, kwa hiyo kama anavuja, atavuja zaidi. Karatasi ya plastiki juu yake, koti chini yake (ardhi yenye maji inanyonya joto kuliko hewa) na kumvua nguo iliyolowa kungemwondolea sehemu ya maumivu kabla ya dawa yoyote.

Kisha mguu wenyewe. Hapa ndipo pakubwa, na hapa ndipo ningependa kila motari, kila msukuma chukudu na kila mama wa soko anisikilize. Kinachouma kwenye mfupa uliovunjika ni kule kutembea kwa vipande vyake. Mguu uliofungwa ukatulia unauma, lakini ni uchungu ambao mtu anaweza kuongea nao. Mguu unaoning'inia unachezeshwa na kila jiwe, na barabara zetu za kartiye (mitaani) unazijua: mawe meusi ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika, hayajasawazishwa tangu moto wa mlima ulipopita. Vipande vya mfupa vikichezacheza vinakata misuli, vinaweza kuchoma mshipa wa damu au kutoboa ngozi kutoka ndani. Paja likivunjika, mtu mzima anaweza kupoteza lita moja ya damu au zaidi ndani ya paja bila tone moja kuonekana nje. Kufunga mguu usitikisike ni dawa ya maumivu na ni dawa ya damu kwa wakati mmoja. Ningeambiwa nichague kati ya sindano na kuufunga mguu vizuri pale barabarani, ningechagua kuufunga.

Vifaa unavyo. Chukua katoni nene, ile ya sabuni au ya biskuti, ukiikunja itakaa kama mfereji ambao mguu unalala ndani. Kama hakuna katoni, mbao mbili, au mwavuli na mpini wa jembe. Gango hilo liwe refu: kwa mguu uliovunjika chini ya goti, lianze katikati ya paja lipite kisigino, ili goti na kifundo cha mguu vyote visicheze. Jaza nguo laini ndani, hasa kwenye kisigino na kwenye mifupa ya kifundo. Mtu mmoja ashike mguu kwa mikono miwili, mkono mmoja juu ya palipovunjika na mmoja chini, aunyanyue kidogo bila kuupinda, na asiuachilie mpaka kazi iishe. Mwingine apitishe vipande vya kikwembe (kitenge) chini ya mguu na kufunga mafundo: paja, chini kidogo ya goti, juu ya kifundo. Usifunge juu ya mahali palipovunjika penyewe. Vidole vya mguu viachwe wazi, maana ndivyo vitakavyokuambia habari. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachilie: rangi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Kama vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi baada ya kufunga, umekaza mno, legeza. Mwisho fungeni mguu huo pamoja na ule mzima, uwe mlinzi wake.

Mguu ukiwa umepinda, msiuvute wala kuunyoosha. Ufungeni jinsi mlivyoukuta, mkijaza nguo kwenye mapengo. Mfupa ukiwa umetoka nje, msiurudishe ndani. Wekeni kitambaa safi chenye maji safi juu yake, fungeni. Na kukanda, dada yangu, hapana kabisa. Najua kuna wazee wanaoheshimiwa kwa kuunga mifupa, na wengine wana mikono ya hekima, lakini kukanda mfupa uliovunjika siku ile ya kwanza ni kuongeza damu na uvimbe ndani ya mguu ambao tayari umejaa.

Usafiri unafuata. Najua mtaniambia: ambilansi iko wapi? Nami sitakudanganya kwamba ipo. Mara nyingi moto ndiyo ipo. Lakini mguu uliofungwa vizuri, ukanyooshwa juu ya kitu na kushikwa na mtu wa nyuma, si sawa na mguu unaoning'inia. Kama mnaweza kupata gari lolote, hata lori la viazi, alale chali. Kama ni mbali na barabara, tipoyi (machela) ya watu wanne ina mwendo laini kuliko moto, na wazee wetu walikuwa wakibeba hivyo kabla ya moto kuja. Mwambieni motari aende taratibu. Dakika kumi mlizookoa kwa kukimbia, mfupa unazilipa kwa kila shimo. Wa kukimbizwa ni yule anayevuja damu isiyokoma, anayeshindwa kupumua, au anayepoteza fahamu.

Kuna majeruhi mmoja ambaye sitaki apande moto hata kidogo: aliyeanguka kutoka juu au kugongwa, na sasa anasema miguu haisikii, au shingo inamuuma sana. Huyo anaweza asilie. Kutosikia maumivu kwake ndiyo habari mbaya. Abebwe na watu wanne au watano kwa pamoja, kama gogo, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja, mpaka kwenye ubao na gari.

Nije kwa mzee aliyekukataza kumpa parasetamoli. Tusimlaumu, alirudia kitu ambacho hata madaktari walifundishwa. Zamani, kabla picha za ndani ya mwili hazijawa za kawaida, wapasuaji walihofia kwamba mofini, dawa kali ya maumivu, ingeficha dalili za tumbo. Hofu ikaendelea miaka mingi na ikashuka mpaka kwa wananchi. Lakini kuanzia miaka ya 1990 watafiti walilipima jambo hilo kwa wagonjwa wenye maumivu ya tumbo, wengine wakapewa dawa na wengine wasipewe, na haikuonekana kwamba waliopewa walikosewa zaidi. Kinyume chake, mtu aliyetulia anaruhusu kuguswa na anaeleza vizuri. Na kwa mfupa hofu hiyo haina hata pa kusimama: picha ya eksirei itauonyesha mfupa uliovunjika hata mtu akiwa anacheka.

Kwa hiyo ndiyo, ungempa. Parasetamoli gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kwa mtu mzima, na funda dogo la maji. Anaweza kurudia baada ya masaa sita, asipite gramu nne kwa siku. Kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mara moja. Parasetamoli haitaua maumivu ya mfupa uliovunjika, nakuambia ukweli, lakini inapunguza, na ikimezwa mapema inakuta kemikali za uvimbe hazijajaa. Andika saa uliyompa, hata kwenye kiganja chake, na umwambie muuguzi. Ibuprofeni inatuliza vizuri pia, ila mimi siipendi barabarani: hujui anavuja damu kiasi gani ndani, na dawa hiyo haifai kwa anayevuja, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo mbovu, wala mama mjamzito ambaye mimba imeshakua. Aspirini ni hivyohivyo, inazuia damu kuganda. Na usimpe chochote cha kumeza mtu aliyeumia tumbo, anayetapika, au ambaye kichwa kimegongwa na anasinziasinzia.

Tramadoli nitaisema peke yake kwa sababu naiona mikononi mwa vijana wengi, inauzwa kama pipi. Ni dawa ya kweli ya maumivu na tunaitumia hospitali. Lakini inaweza kuleta kifafa, inapunguza pumzi, na ikichanganyika na pombe hatari inapanda. Kwa aliyeumia kichwa inatuchanganyia kila kitu, maana hatujui anasinzia kwa dawa au kwa damu iliyomwagika kwenye ubongo. Mtoto aliye chini ya miaka 12 asiguswe nayo. Msimpe majeruhi vidonge ambavyo hamjui jina wala kipimo chake.

Kanyanga ina makosa yote hayo na zaidi. Inamfanya mtu ajisikie ana joto huku mwili unapoteza joto kupitia ngozi. Inamtapisha, na mtu amelala chali akitapika anaweza kuvuta matapishi kwenye mapafu. Kwangu mimi, ninayepaswa kumlaza usingizi ili mfupa unyooshwe, tumbo lenye pombe ni sababu ya kungoja, na kungoja kwangu ni maumivu zaidi kwake. Kijana yule aliitoa kwa huruma, najua. Mara nyingine huruma hiyo itumike kushika mguu.

Na ile sindano ya kituo cha afya? Uwezekano mkubwa ni diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, ndiyo inayochomwa kila mahali. Kuna sababu mbili za kutoona tofauti. Dawa ya uvimbe inahitaji nusu saa au zaidi kuonyesha nguvu zake, na mtu aliyepoa na kushtuka, damu yake inakimbilia moyo na ubongo na kuiacha misuli ya makalio, kwa hiyo dawa inalala palepale ilipochomwa. Halafu mguu ulikuwa bado haujafungwa. Hakuna sindano ya misuli inayoshindana na mfupa unaochezacheza. Simlaumu muuguzi wa kituo, pengine ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo. Mwaka 2017 tume ya jarida la tiba la Lancet ilihesabu kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zinapata tani 0.1. Kilo mia moja. Ukijiuliza kwa nini mdogo wako alilia mpaka sauti ikakauka, weka na hesabu hiyo.

Hospitali kubwa hali ni nzuri zaidi. Kuna mofini ya kupimwa kidogokidogo kwenye mshipa, kuna ganzi inayochomwa karibu na neva ya mguu, na kuna ketamini, dawa ambayo imefaa sana nchi kama yetu kwa sababu kwa kipimo kidogo inatuliza maumivu makali na mara nyingi mtu anaendelea kupumua mwenyewe. Inaweza kumletea mtu ndoto za ajabu, akaongea maneno yasiyoeleweka. Msiogope mkiona hivyo, inapita. Mnayo haki ya kuomba. Mkifika, semeni wazi: "Ana maumivu, tunaomba apewe dawa wakati tunangoja picha." Nimeona familia zikikaa kimya masaa kwa heshima, na wahudumu wenye wagonjwa arobaini wakidhani aliye kimya hana shida.

Hapo ndipo tunafika kwa yule mwanaume wa simu. Sikumwona, kwa hiyo nasema yanayowezekana. Huenda alishapewa dawa. Huenda neva ya mkono ilikatika pamoja na nyama. Huenda alikuwa bado ndani ya zile dakika za kwanza ambazo mwili unamwaga kemikali zake za kujituliza. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari mmoja wa Marekani, Henry Beecher, aliwauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama wanataka dawa ya maumivu, na mwaka 1946 akaandika kwamba kama robo tatu yao walisema hapana. Alivyoelewa yeye, kwa askari yule jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai. Mdogo wako, alipokuwa amelala kwenye mvua, mguu ulikuwa na maana gani kwake? Chukudu imevunjika, viazi vya mwenyewe vimemwagika, nani atalipa, nani atalisha nyumba. Mzigo huo unafungua mlango niliokueleza.

Ukubwa wa jeraha na ukubwa wa maumivu havitembei pamoja. Moto ukiunguza ngozi ya juu, mtu analia. Ukiunguza mpaka chini ukaua neva, pale katikati hapaumi, na hilo ndilo jeraha baya zaidi. Nakumbuka mama mmoja aliyeletwa kutoka milima ya Masisi, amebebwa kwenye tipoyi, nyonga imevunjika. Tulimwuliza kwa Kiswahili kama anaumwa, akajibu "ni sawa", tukaenda kwa wengine. Jioni binti wa usafi akamwuliza kwa Kihunde. Mama akamshika mkono, akaanza kulia, akaeleza kwa robo saa nzima. Alikuwa na maumivu tangu asubuhi na sisi tulikuwa tumesimama mita mbili kutoka kwake. Tangu siku hiyo sikubali jibu la "ni sawa" mpaka nimjue mtu anaongea lugha gani nyumbani. Wazee wanavumilia, wanaume wamekatazwa kulia tangu utoto, watoto wadogo hawana maneno, na wote hao ndio wanaopewa dawa kidogo. Muulize mtu: kutoka sifuri mpaka kumi, kumi ikiwa maumivu makali kuliko yote unayoweza kufikiria, yako ni ngapi? Uliza tena baada ya nusu saa. Mtoto mdogo mtazame uso, miguu inavyokunjwa, na kama anabembelezeka.

Wakati mnangoja gari, mmoja wenu akae kichwani pake, mahali anapomwona bila kugeuza shingo, amshike mkono, amwite jina. Amwambie kila kinachofanyika kabla hakijafanyika: "Sasa tunanyanyua mguu, itauma kidogo, tunahesabu mpaka tatu." Wanaopiga picha kwa simu na wanaobashiri kukatwa mguu waondolewe kwa upole. Apumue polepole, atoe pumzi kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta. Ni kazi ya mtu mmoja, na ni kazi kamili.

Na kwa mfuatano: damu inayotiririka ndiyo ya kwanza, ikandamizwe kwa kitambaa na kiganja bila kuachia. Halafu pumzi. Halafu kumfunika, kuufunga mguu, parasetamoli, safari. Kwa aliyeungua, maji safi yanayotiririka dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta.

Kuna maumivu ambayo hayangoji asubuhi. Mguu wa chini ya goti, mahali hasa alipovunjika mdogo wako, una misuli iliyofungwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Damu na uvimbe vikijaa humo, shinikizo linaikaba misuli, na baada ya kama masaa sita inaanza kufa. Dalili yake ya kwanza ni maumivu yanayozidi jeraha, yanayokataa dawa, yanayomfanya apige kelele ukivuta vidole vya mguu taratibu, huku mguu umekaza kama ubao. Plasta (ile bandeji ngumu ya kufungia mfupa) iliyobana au vijiti vya muunga mifupa vilivyokazwa vinaweza kuleta hayo. Nimeshasimama kwenye chumba cha upasuaji mguu wa mtoto wa miaka tisa ukikatwa kwa sababu hiyo. Alilia siku mbili nyumbani na watu wakamwambia avumilie. Ukiona hivyo legeza kilichofungwa na mkimbize kwenye hospitali yenye mpasuaji: HEAL Africa, Hospitali ya Mkoa, CBCA Ndosho, yoyote iliyo karibu, hata kama ni usiku.

Mdogo wako sasa ana kama mwezi. Mfupa wa muundi unachukua miezi, kwa hiyo kuumwa kidogo akisimama ni kawaida. Mketishe leo jioni, umwulize taratibu, bila watu wa kumcheka. Je, maumivu yanazidi wiki kwa wiki badala ya kupungua? Kuna kuungua kama pilipili, ngozi imebadilika rangi, hataki hata shuka iguse? Kuna harufu kwenye plasta, usaha, homa? Vidole ni baridi au vimekufa ganzi? Analala usiku? Akikubali lolote kati ya hayo, mrudishe wiki hii kwa waliomtibu. Ikiwa ni harufu, homa au vidole vya baridi, msingoje kuche.